Pua ya Makario Ukutani

"Mpenda pua yake hukaa na Yuda." Methali hii ni nzito, ni ya heshima, na chimbuko lake ni takatifu, anayetafuna njugu na aache kwanza. Babu Spiridoni alimtupia methali hiyo mwanawe aliyeganda mbele ya kioo tangu asubuhi, na wajukuu wakadai kujua ilikotoka. Ilianza hivi: ilianza na pua.

Pua yenyewe ilikuwa ya Makario, mzee wa kanisa kutoka Kenya. Ilikuwa ndefu, imenyooka, naye aliitunza kama ng'ombe wa maziwa. Siku moja aliwaongoza waumini wenzake hadi Ethiopia, kuzuru monasteri ya kale iliyojaa picha za watakatifu kutoka sakafuni hadi darini. Walivua viatu, wakaingia. Humo mtawa mmoja alikuwa akichora Karamu ya Mwisho kwenye kitambaa kipana cha kubandikwa ukutani. Kwa kuwa wageni walileta ubani, akaahidi kuwachora pembeni mwa meza, watazamwe na mahujaji hata wakiwa wamekwisha kufa.

Wenzake walitazama mbele. Makario akageuka ubavu. Mtawa alimsihi kupitia mkalimani ageuze uso, naye akakataa katakata: kwa mbele pua haionekani. Akamwagiza achore anachokiona, na mtawa akachora anachokiona.

Picha ilipokamilika, wenyeji waliokuja kusali walimtazama Makario, wakaitazama picha, wakaziba midomo kwa shuka zao. Makario alidhani ni wivu, mpaka mkewe Eleni alipomwuliza mkalimani, akarudi na jibu.

"Mume wangu, huku mtu mwema huchorwa na macho mawili. Mwovu huchorwa ubavu, jicho moja. Hebu tafuta wenye jicho moja."

Makario akatafuta. Walikuwa yeye na Yuda, na pua zao zilifanana kama mapacha.

"Kesho kitambaa kinabandikwa," Eleni akasema. "Pasaka kanisa zima linakuja kuwasalimu. Wewe na mwenzako."

Makario akapiga magoti mbele ya mtawa. "Abba, niongezee jicho. Pua chukua wewe."

Mtawa alicheka hadi brashi ikamponyoka. Akamchora upya, macho makubwa kama visahani, na kati yake kimstari tu. Makario alikipenda kimstari kile kuliko pua yote.

Babu akanyamaza kwa madaha, kama askofu aliyemaliza mahubiri. Mjukuu wake Irini alikuwa ameinua simu ampige picha. Akaishusha.

"Babu, mbona umegeuka ubavu? Si mpenda pua yake hukaa na Yuda?"

Babu akajishika pua. "Nakiri. Makario alikuwa baba yangu." Akageuza uso, macho yote mawili yakicheka. "Haya, piga upesi, kabla pua haijanigeuza tena."