Beti za Leisa

“Hivi wewe Leisa, Mungu atakusikiaje katikati ya moshi wa tindikali?” Bi Mari, jirani yake, alimwuliza siku moja.

“Simwimbii Mungu peke yake, dada. Nayaimbia na mabamba,” Leisa alijibu, akikohoa.

Kilichokufaa miaka mingi usikitupe kwa sababu umeona kipya kinachometameta. Leisa, mjane wa mji wa Llanelli, alikuwa na miaka kumi na mitatu katika kiwanda cha mabati, akisafisha mabamba ya chuma kabla hayajapakwa bati. Mashine ya mvuke, yenye mikono minne mirefu, iliyazamisha mabamba katika tindikali, kisha katika maji. Lakini muda wa kuzamisha aliupima Leisa kwa wimbo wa kanisani. Asubuhi, tindikali ikiwa kali, beti mbili. Adhuhuri, tatu. Jioni, tindikali imechoka kama yeye mwenyewe, beti tano. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na mama yake aliyepooza.

Akaja meneja mpya, Bwana Treharne, pamoja na shemeji yake Gethin, mwenye saa ya mfukoni.

“Mama, hapa ni kiwandani, si kanisani,” meneja alisema. “Kila mkupuo wa mabamba dakika nne, basi. Saa haichoki.”

“Ni kweli, Bwana, saa haichoki. Tindikali ndiyo huchoka.”

“Basi nendeni mkapumzike wote wawili, wewe na tindikali yako! Kazi naishika mimi na saa yangu!” Gethin akadakia, akicheka.

Leisa alivua aproni yake iliyoliwa na tindikali, akaenda. Siku tatu alibisha milango ya viwanda, miguu mizito kama chuma, akimwomba Mungu kimoyomoyo. Siku ya nne kiwanda cha ng’ambo ya mto kikamchukua.

Huku nyuma, Gethin alishika dakika zake nne kutwa nzima. Mabamba ya asubuhi yalitoka safi. Ya alasiri yakatoka na madoa meusi, na bati likakataa kushika. Wanunuzi wakarudisha shehena nzima. Jumamosi moja Bwana Treharne akabisha kwa Leisa, kofia mkononi.

“Bi Leisa, rudi. Imba utakavyo, hata beti kumi.”

Leisa alikuwa akimnywesha mama yake uji. Hakuinuka.

“Nimeshapata mahali, Bwana.”

“Basi mfundishe Gethin, angalau.”

“Nimechoka, Bwana. Na yeye saa anayo.”

Meneja aliutazama mlango, akavaa kofia yake, akatoka. Naam, usiache mbachao kwa msala upitao.