Gunia la Milioni Moja na Moja

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa gunia.
La nani?
La mwenye kujiona.

Hapo kale, katika nchi ya Namba, kila mtu alibeba gunia lake la mtama. Punje zako ndizo wewe. Njia panda za huko zilikuwa na tabia mbaya: ukiwa wagawanyika kwa mbili, zinakugawa. Nusu yako kushoto, nusu yako kulia.

Wasiogawanyika kwa yeyote waliitwa tasa, wakakalia benchi la heshima. Msiniulize heshima gani. Benchi ni benchi.

Binti mmoja, Milioni Moja na Moja, akalitaka. "Mimi ni tasa. Nani atanigawa?"

"Tukupime," wakasema wa benchi.

Akaja Mzee Mbili, akachota mbilimbili: ikabaki punje. Akaja Tatu, akachota tatutatu: zikabaki. Akaja Tano: ikabaki. Wakapita wote hadi Tisini na Saba. Zikabaki, zikabaki, zikabaki.

Ilisalia nafasi ya mwisho benchini, ya Mia na Moja, tasa aliyeacha benchi akaenda kulima. Siku hiyo alikuja, matope miguuni, na kibuyu cha uji wa mwanawe. Mwanawe ndiye huyo huyo binti. Gunia lile alilijaza yeye, mia na moja kwa mia na moja, mpaka likajaa bila punje kuzidi.

Mzee Mbili akauliza, "Binti, huyu ni nduguyo? Ndugu hampimi ndugu."

Binti akayatazama matope. "Simjui."

"Humjui kabisa?"

"Nimesema simjui!"

"Haya, mama, karibu upime."

Mnaona, jamani? Angesema tu "mama yangu", asingepimwa naye.

Mama akachota. Akachota. Akachota. Haikubaki kitu. Kabla watu hawajaona, akachomoa punje moja guniani mwake mwenyewe, akaidondosha katika la binti.

"Imebaki moja," akasema. "Mimi na huyu hatuhusiani."

Akaondoka, Mia tupu.

Binti akalikimbilia benchi. "Taratibu, mwanangu," akasema Mzee Mbili. "Hapa mimi hufungua, na mimi hufunga." Akachota mbilimbili. Haikubaki hata moja.

"Ala! Si ilibaki moja?"

Watu wakacheka, wakashikana mabega. Binti hakucheka. Alijua iliyozidi imetoka wapi.

Akakimbia hadi njia panda. Nyayo za matope kushoto. Nyayo za matope kulia.

"Mama!"

"Naam, mwanangu!" ikaitika sauti kushoto.

"Naam, mwanangu!" ikaitika kulia.

Akiingia, naye atagawanyika. Angetupa punje moja, yoyote, angepita mzima. Lakini akitupa ile ya mama je?

Mkataa kwao mtumwa, walisema wahenga. Huyu hata bwana wa kumtumikia hakumpata. Yupo pale mpaka leo, ameliinamia gunia, anachambua. Punje zote zinafanana.

Ngano yangu naifunga kamba hapa hapa. Anayeitwa na mama yake, aitike.