Kilichofoka Ndani ya Kichuguu

Nisogeleeni. Mwenye usingizi akalale sasa hivi, maana hadithi hii haina mwisho mpaka msikilizaji autie yeye mwenyewe, na sitaki mtu aje kuniambia baadaye kwamba alikuwa amesinzia kidogo tu.

Palikuwa na kijiji bondeni, jina lake Majarubani. Kiliitwa hivyo kwa sababu ukitoka mlangoni kwako, unakanyaga jaruba la mpunga. Hapo waliishi watu watatu waliojaliwa, kila mmoja na chake.

Mwanahawa alijaliwa sikio. Jirani akifunika sufuria, yeye yuko uani kwake anakwambia mna dagaa au mna nyama, na kama ni nyama, bado haijaiva. Watu walimwita mbea, naye hakukataa. "Mungu kanipa masikio," alikuwa akisema, "mlitaka niyatundikie hereni tu?"

Ungando alijaliwa miguu. Kazi yake ilikuwa kuamia ndege mpunga unapoanza kujaa, na wakati wenzake walipiga madebe na kuzungusha makombeo, yeye alikimbia tu. Kwelea kwelea wakitua huku, wanamkuta. Wakihamia kule, wanamkuta vilevile, mpaka wanachoka wao.

Bakiri alijaliwa mkono. Huyu alikuwa fundi simu Dar es Salaam, na vidole vyake viliweza kushika kitu kidogo kuliko punje ya mchele na kukirudisha mahali pake bila kukikwaruza. Alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake Bi. Somoe, na kila msimu wa mavuno alirudi kijijini kumsaidia shangazi yake.

Na Bi. Somoe mwenyewe je? Yeye alijaliwa bata.

Msicheke. Alikuwa bata jike, mweupe, mwenye vinundu vyekundu usoni, wa aina ile isiyopiga kelele, inayofoka tu kwa pumzi. Aliitwa Wifi, kwa sababu alimtazama kila mtu kwa jicho la pembeni, kama wifi aliyekuja kukagua jiko. Asubuhi alisimama mlangoni akifoka mpaka aletewe pumba. Jioni alilala miguuni pa Bi. Somoe, na ole wake mgeni atakayekaa upande ule.

Bi. Somoe hakupata mtoto. Wifi naye alikuwa akitaga mayai yake ovyo, moja njiani, jingine chini ya kinu, asirudi kuyaangalia, na siku hizi hata kutaga alikuwa ameacha. "Tumefanana sisi," Bi. Somoe alimwambia kila siku akimmwagia pumba. "Basi tuleane."

Asubuhi moja Bi. Somoe alitoka na bakuli la pumba, asimkute mtu mlangoni. Akaita. Akapiga bakuli kwa kijiko. Akazunguka nyumba, akaenda mtaroni, akarudi, akaita tena. Kimya. Moyo ulimpasuka, nasema kweli, na bakuli likamponyoka, pumba zikamwagika zote.

Ndipo aliposikia sauti ya Bakiri nyuma ya nyumba, anaongea na simu huku anacheka. "Wee, acha tu! Jana mimi na wana tumekula bata mpaka basi!"

Bi. Somoe alimfikia kabla hajakata simu.

"Umekula bata gani, Bakiri?"

"Shangazi, huo ni msemo! Kula bata ni kustarehe. Tulikwenda senta kuangalia mpira, tukanywa soda."

"Mjini mnastarehe kwa kula bata wa watu?"

"Shangazi, hakuna bata aliyeliwa!"

"Umesema mwenyewe kwa mdomo wako! Nionyeshe mikono."

Akamnusa vidole. Ndiyo, alimnusa vidole mtoto wa kaka yake mbele za watu, maana watu walikwishajaa. Wazee hawakuujua msemo ule. Vijana waliujua, lakini walikuwa wanacheka mno hata wakashindwa kumtetea. Bakiri alisimama pale, mtu mzima, mikono imenyooshwa, macho yamejaa machozi ya fedheha.

Ungando aliyekuwa amekwenda kutafuta alirudi mbio. "Njooni huku! Kwenye kichuguu!"

Mbali kidogo nyuma ya nyumba, palipomea magugu, palikuwa na kichuguu kikuukuu chenye shimo ubavuni. Mbele ya shimo yalitapakaa manyoya meupe, yale laini ya kifuani. Kando yake, juu ya nyasi, lilitandazwa gamba alilojivua nyoka, jipya, refu kuliko mkono wa mtu.

Bi. Somoe alikaa chini pale pale. Hakulia. Aliokota unyoya mmoja akaushika tu, mdomo wazi, kama mtu aliyeambiwa neno kwa lugha asiyoijua.

"Chatu," alisema mmoja. "Innalillahi."

"Chatu humeza na manyoya yake," alisema Mwanahawa. "Hajui kunyonyoa. Anayenyonyoa ni mtu." Hapo macho yote yakamrudia Bakiri.

Ungando, ili kumaliza ubishi, alichomeka fimbo ndani ya shimo. Kitu kikafoka humo ndani. Sauti nzito, yenye mwangwi, iliwasimamisha watu nywele. Walitawanyika wote, na Ungando, mwenye miguu, alifika mbali kuliko wote, ng'ambo ya mtaro.

Ndipo kilio cha Bi. Somoe kilipotoka. "Wifi wangu jamani! Atakayenirudishia Wifi wangu mzima, uzao wake wote nampa! Wote!"

Watu waliinamisha vichwa. Uzao upi? Bata amekwishaliwa, na hata alipokuwa hai hakuwahi kuangua. Ilikuwa kama kumwahidi mtu pembe za punda. Lakini ilikuwa ahadi, imetamkwa, na kijiji kizima kimesikia.

Waliamua kumchoma nyoka humo humo. Wakaleta mabua ya mpunga yaliyokauka, wakayashindilia mdomoni mwa shimo. Mtu akaleta kijinga cha moto kutoka jikoni.

"Nipeni mimi," alisema Bi. Somoe. "Aliyeliwa ni wangu."

Wakampa. Akapiga hatua mpaka kwenye kichuguu, uso umekauka. Kile kitu kilifoka, kikafoka tena. Akainamisha kijinga.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu mtaulizwa.

Wa kwanza alikuwa Mwanahawa. Wengine walisikia nyoka, yeye alisikia pumzi. Nyoka hufoka mara moja, kwa mvuto mrefu. Hiki kilichomo humu kilikuwa kinakatakata, kinapumzika, kinaanza upya, tena mwishoni kinapandisha kidogo kwa kiburi. Sauti hiyo alikuwa akiisikia kila asubuhi ng'ambo ya ua. "Usichome!" alipiga kelele. "Somoe, usichome! Ndivyo Wifi anavyodai pumba!" Maneno yalimfika Bi. Somoe masikioni, lakini moto nao ulikuwa umekwishashika mabua.

Wa pili alikuwa Ungando. Wote waliokuwa karibu waliganda, kila mmoja akimtazama mwenzake. Yeye alikuwa bado ng'ambo ya mtaro, mbali kuliko wote, na yeye peke yake ndiye aliyefika. Aliruka mtaro, akakata jaruba, akajitupa kifudifudi juu ya mabua yanayowaka, akayakumbatia na kubingirika nayo mpaka majini. Alipoinuka, shati lilikuwa limeungulia kifuani. Kovu la moto ule analo mpaka leo.

Wa tatu alikuwa Bakiri. Moto ulikwishaondoka, lakini moshi ulikuwa umejaa shimoni, na kufoka kumekoma. Chochote kilichokuwamo kilikuwa kinakufa. Mwanahawa alisema ni bata, sawa, lakini gamba la nyoka lilikuwa pale pale juu ya nyasi, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuhakikisha. Bakiri alikunja mkono wa shati. Alimtazama shangazi yake. "Kama ni nyoka," alisema, "basi utajua kwamba bata wako sikumla mimi." Akatia mkono mpaka begani. Alifumba macho. Watu waliona uso wake unakunjamana, kitu kimemuuma. Kisha akaanza kuvuta, taratibu, kwa vidole vile vile vya kushika punje.

Akatoka Wifi.

Weupe wake ulikuwa kijivu kwa masizi, shingo imelegea, kifua ki wazi hakina manyoya. Alikuwa amejinyonyoa mwenyewe, kwa mdomo wake, ili atandike chini ya mayai aliyokuwa akiyataga humo kwa siri. Bakiri alirudisha mkono akayatoa, moja moja, bado yana joto. Wifi aliwekwa chini, akayumba, akamtazama Bi. Somoe kwa jicho la pembeni, akafoka.

Watu walishangilia. Bi. Somoe hakushangilia. Alikuwa anautazama mkono wake, na kijinga kilikuwa bado kimo.

"Nilikuwa namchoma mimi," alisema. "Jamani, nilikuwa namchoma mimi." Aliyarudia maneno hayo mpaka Mwanahawa akamnyang'anya kile kijinga na kukizamisha mtaroni.

Baadaye alimwita Bakiri ndani akamwomba radhi, akamshika mikono ile ile aliyoinusa. Bakiri alisema, "Yamekwisha, shangazi," lakini aliutazama ukuta aliposema.

Wifi alitandikiwa upya kwenye kona ya jikoni, akayalalia mayai yake. Mengi yaliharibika kwa moshi. Baada ya wiki kadhaa moja likaanguliwa. Akatoka kifaranga mmoja tu, wa manjano, mdomo mpana, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye unyayo wa Bi. Somoe akaupanda. Mama yule hakuwahi kuwa na kitu kichanga ndani ya nyumba yake tangu aolewe hata alipofiwa na mume. Alicheka mpaka akalia.

Kisha akaikumbuka ahadi. Na kama angeisahau, kijiji kisingeisahau, kwa kuwa ahadi ni deni.

Walikuja wote watatu, wakakaa mkekani.

"Mimi sitaki makuu," alianza Mwanahawa. "Nasema tu kwamba nisingepiga kelele, saa hizi tungekuwa tunajisifu tumeua nyoka."

"Kelele hazizimi moto," alisema Ungando, na akafungua vifungo vya shati ili kifua kionekane. "Tena baba yake huyu kifaranga ni dume la kwangu."

"Dume lako lilikuja halikutumwa! Nawe moto ungeuzimia nini, kama si mimi kusema? Ulikuwa umejificha ng'ambo ya mtaro."

"Dada Mwanahawa, kaka Ungando," alisema Bakiri polepole, "nyinyi mlijua mnachokifanya. Mmoja alisikia bata, mwingine aliona moto. Mimi nilitia mkono mahali nisipopajua."

"Wewe ulikuwa unasafisha jina lako, mdogo wangu," alisema Mwanahawa. "Hukumtilia bata mkono. Ulijitilia mwenyewe."

Pengine lilikuwa kweli. Lakini jina lile nani alilichafua? Na kama si Mwanahawa aliyesema anayenyonyoa ni mtu, lingebaki chafu?

Wote wakamgeukia Bi. Somoe. Yeye alikuwa amekaa na kifaranga mapajani, amemfunika kwa ncha ya kanga. Ukweli ni kwamba hakutaka kumpa yeyote. Alitaka watoke, afunge mlango, abaki na wake. Alijua pia kwamba yule ambaye asingempa angetoka mlangoni akijua thamani yake ni ndogo kuliko ya mwenziwe, na mmoja wao alikuwa damu yake.

"Shangazi, sema wewe," Bakiri alimhimiza. "Bata ni wako, ahadi ni yako. Utakalosema tutalikubali."

Bi. Somoe alitikisa kichwa.

"Siku ile nilikuwa na manyoya mkononi. Nilikuwa na gamba la nyoka mbele yangu. Nilisikia kwa masikio yangu. Sijawahi kuwa na hakika na jambo maishani kama nilivyokuwa na hakika siku ile." Akautazama mkono wake. "Msinipe tena hukumu nishike. Tafuteni mwingine."

Akamrudisha kifaranga chini ya Wifi.

Basi hukumu imeletwa hapa kwetu. Asiniambie mtu wamgawane, huyo ni kiumbe, si boga. Wala asiseme wangoje vifaranga vingine, Wifi ni mzee na mayai yamekoma. Sikio lingekosekana, kijiji kingesimama kikitazama moto. Miguu ingekosekana, maneno yangeungua pamoja na bata. Mkono ungekosekana, moshi ungemaliza kazi. Kifaranga ni mmoja.

Wewe uliyenyamaza pale pembeni, ndiyo, wewe. Ungemkabidhi nani? Na wale wawili watakaorudi nyumbani mikono mitupu, ungewaambia nini huku wanakutazama usoni?