Mshindi Hainuki

Kombo wa Pangani, ambaye angeweza kumuuzia samaki maji, alikuwa na bao la mninga alilochonga babu yake. Tajiri Sadala alilitamani mno, akaja barazani na roboti ya kucheza bao.

“Ikikufunga, bao nalibeba.”

“Sawa, tajiri. Ila desturi yetu hapa, anayefunga hainuki mpaka afungwe. Akiinuka kabla, amekimbia, hana chake.”

“Hii haifungwi, bwana! Hata mkae mwaka mzima.”

Kombo akafungwa upesi. Sadala akalivamia bao.

“Taratibu, tajiri! Wenzangu wanangoja zamu. Utalibebaje na roboti yako bado inacheza?”

“Kwani itainuka lini?”

“Ikifungwa.”

“Ikifungwa si nimeshindwa?”

“Ndiyo hivyo. Jamani, mpeni tajiri kahawa, tunaye mwaka mzima.”