Kwa Nini Chewa Habanduki Mlangoni

Mwenye kukohoa akohoe sasa, maana hadithi hii hairudiwi.

Kulikuwa na wakati chewa alikuwa samaki mzururaji. Leo umkute ufukweni, kesho umkute kisiwa cha pili. Nyumba yake ilikuwa pango kilindini, kule ambako bahari ni nyeusi na jua halijawahi kufika, ndani ya bustani ya matumbawe meupe yenye matawi kama mpera. Lakini hakuilinda. Ailinde na nani, na hakuna aliyefika huko?

Wakafika watu wa Kijimbani. Walikuwa na juya refu, na kwenye kamba yake ya chini walifunga mawe mazito ili lizame mpaka kilindini na kukomba kila kitu. Nahodha wao alikuwa Vuai, mtu wa nguvu nyingi na subira kidogo. Dada yake mkubwa, Mize, ndiye aliyelishona juya likichanika, na ndiye aliyekuwa na tanuri la chokaa. Kwa sababu juya halikupanda na samaki tu. Lilipanda na yale matawi meupe, yamevunjikavunjika, na watu wa Kijimbani waliyaita mifupa ya bahari. Walisema ni vitu vilivyokwisha kufa, havina mwenyewe. Mize akayapanga juu ya magogo ya mnazi, akayachoma, akapata chokaa laini kuliko ya mtu yeyote. Nyumba za Kijimbani zikang'aa kwa weupe, na wenyewe wakaringa, hasa Mize.

Miaka ikapita, samaki wakapungua. Juya likawa linapanda na matope. Watu walikula muhogo kwa chumvi asubuhi, jioni wakala chumvi kwa muhogo, kisha wakaanza kufungasha. Mwashamba, binti pekee wa Mize, alikuwa na mimba, na mumewe alikwisha mwambia mkwewe kwamba mwezi ukiandama watavuka kwenda bara, wasirudi. Mize hakulia, hakuwa mtu wa kulia. Ila usingizi ulimpaa. Vuai yeye alisema dawa ni moja tu, mawe yaongezwe.

Siku moja juya likapanda na chewa jike, tumbo limejaa mayai, amenaswa pamoja na tawi zima. Wavuvi wakalibwaga juya ufukweni, wakaenda kutafuta mawe mengine. Mize akaja na kisu chake. Alipolishika tawi alivunje, chewa akafungua kinywa.

"Taratibu, bibi. Hicho ni chumba cha kuzalia."

Mize alikuwa ameolewa mara mbili, mdomo mkubwa haukumtisha. Akamjibu kwamba mifupa haina vyumba.

"Nani aliyekwambia ni mifupa? Litie kwenye maji ya bahari, halafu unyamaze kidogo, kama unaweza."

Mize alikasirika, lakini akachota maji kwa chungu, akalitia tawi, akakaa. Kunyamaza kulimwia kazi ngumu. Punde kila kitundu cha lile tawi kikafunguka, kikatoa kidomo kidogo chenye vidole laini vilivyopapasa maji, vinatafuta chakula. Tawi zima lilikuwa na njaa kama Kijimbani nzima. Mize akageuka kulitazama tanuri lake, kisha ukuta wa nyumba yake, na kwa mara ya kwanza hakuuringia weupe ule.

"Mmenichomea nyumba mkapaka yenu," chewa akasema. "Tawi hilo lilianza kuota kabla bibi yako hajazaliwa. Hao samaki mnaowalilia walilelewa humo."

Mize hakuomba radhi. Alianza kukata kamba za mawe, moja baada ya nyingine. Vuai aliporudi na jiwe begani, akakuta mawe yake yametapakaa, aliuliza kama dada amepandwa na pepo. Mize akamwambia atie kidole chunguni. Akatia. Vile vidomo vikamshika. Vuai alilitua jiwe lake polepole, kama mtu anayetua mtoto.

"Na sasa tule nini, dada? Chokaa?"

Aliyejibu ni chewa. "Samaki wapitao ni wenu, wakaao ni wangu. Juya lenu lielee, lisiguse chini."

"Na wewe," Mize akamgeukia, "mwenye nyumba gani hakai nyumbani? Tungekukuta mlangoni, tungejua pana mtu. Nenda ukakae kwako."

Chewa akakubali kurudi kwake. Vuai akampakia mashuani pamoja na chungu, akawarudisha kilindini yeye na tawi lake.

Mwezi ukaandama. Juya lisilo na mawe lilileta vibua vichache, na mume wa Mwashamba akanung'unika, lakini mkwewe alipomwangalia, mwenyewe akafungua mizigo. Msimu uliofuata wakapita nguru, wakapita kolekole, na Mwashamba akajifungulia kwa mama yake. Bustani haikurudi siku hiyo, wala mwaka huo. Inaota taratibu, ukucha kwa ukucha, na bado inaota.

Na tangu siku hiyo juya la Kijimbani halifungwi mawe, na tanurini mwa Mize wanatagia kuku. Na chewa hazururi tena. Hukaa kwenye mlango wa pango lake, mwili ndani, kichwa nje, kinywa wazi. Ukimkuta hivyo usidhani ana njaa. Anasikiliza kama kuna jiwe linaloshuka.