Panzi na Konokono Wagombea Kigoda

Hodi, hodi, hadithi iko mlangoni!
Ifungulieni, iingie!
Ina panzi, ina konokono!
Na waingie wote!

Hapo kale, kale hasa, Mama Mchwa alikaa ndani ya kichuguu na watoto wake. Alikuwa mnene, hawezi hata kutambaa. Wafanyakazi wake walikuwa vipofu, wote. Sasa watajuaje kazi ya kufanya?

Nje, ukutani, palikuwa na kigoda kimoja. Kikipigwa, ti-ti-ti, wafanyakazi hujenga. Kikinyamaza, huwalisha watoto. Na desturi ilikuwa hii: aliyekaa haondolewi, mpaka ainuke mwenyewe.

Waliokigombea ni wawili. Panzi akikaa, hukipiga teke kutwa. Konokono akikaa, hung'ang'ania, kimya. Huyu akienda kula, yule anawahi. Basi nyumba ikajengwa, na watoto wakashiba.

Panzi akachoka kugombea. Akamwambia Mama Mchwa kwamba Konokono ni mvivu, anakaa tu kama mgeni anayesubiri chakula. Mama Mchwa naye, kwa kupenda kusifiwa nyumba ndefu, akangoja Konokono ainuke kwenda kula, akamwita mvivu, akamfukuza. Lo, kosa hilo!

Siku ya kwanza Panzi akapiga, asiinuke hata kula, ti-ti-ti, kichuguu kikapita majani kwa urefu. Watoto wakalia njaa. Siku ya pili, ti-ti-ti, kikapita mtama. Watoto wakakosa hata sauti ya kulia. Siku ya tatu, ti-ti-ti, jamani, kikampita twiga! Mtoto mmoja akafa, kisha wa pili.

Mama Mchwa akawapigia kelele wafanyakazi waache. Wapi! Wao walisikia kigoda tu. Akamwita Konokono kupitia tundu la ukutani, akamwomba radhi huku analia.

"Uliniita mvivu," Konokono akasema.

"Nilikosea. Wanangu wanakufa."

Konokono akaja, mdogo mdogo, roho juu. Panzi hakuinuka. Lakini nyie, panzi na kuruka! Kila akipiga teke, anarushwa juu kidogo. Akaruka mara ya kwanza, Konokono akakosa. Akaruka ya pili, akakosa. Ya tatu, Konokono akateleza chini yake, akaganda!

Panzi akaangukia gambani. Akapiga teke, akapiga, akapiga. Kigoda kimya. Mle ndani wafanyakazi wakatupa udongo, wakawakimbilia watoto. Walionusurika wakala.

Panzi akalalamika kuwa Konokono hafanyi kazi yoyote pale.

Mama Mchwa akamjibu, "Nimezika wawili ndipo nikaijua kazi yake. Akiinuka, kaa wewe, mvua zinakuja na ukuta tunautaka. Lakini sitamfukuza tena."

Mmesikia, wanangu? Anayetuzuia naye anatulea. Msimwite mvivu kwa sababu hana kelele.

Hadithi yangu naifunga kwa kamba ya mgomba. Tamu yake nendeni nayo, chungu yake niachieni mimi.