Maneno ya Mgongoni

Wapendwa, nitegeeni sikio. Kulikuwa na mama mmoja mfugaji wa kuku. Yeye na wenzake wa kikundi walijinyima, kila mmoja akanunua mashine ya kutotolesha vifaranga. Ninyi wafugaji mnajua: yai lisipogeuzwa, kifaranga kinagandia kwenye ganda na kufa. Siku ya kuzindua mashine hizo, kampuni iliwagawia fulana zenye maandishi mgongoni: "Inageuza mayai yenyewe. Mama, wewe lala." Nani kati yetu amewahi kukataa fulana ya bure?

Ndani ya mashine mlikuwa na laini ya simu, kwa hiyo kampuni iliweza kubadilisha programu yake ikiwa mbali. Asubuhi moja mama akakuta mashine haigeuzi. Na mle ndani yamo mayai ya majirani waliomwamini! Akaenda mbio kwenye duka la kampuni.

"Mama yangu, tumeiboresha," meneja akamwambia. "Kugeuza mayai sasa kuko kwenye mashine mpya. Hiyo yako bado inatoa joto vizuri tu."

"Mwanangu, mimi sikununua joto. Joto hata kuku wangu analo."

Mnadhani alikwenda kulia? Alirudi akageuza mayai kwa mkono, kisha akawaita wenzake, ambao mashine zao nazo zilikuwa zimeacha kugeuza. Kesho yake kampuni ilikuwa inazindua mashine mpya pale dukani, muziki unapigwa, wateja wamejaa. Akina mama wakafika na fulana zao, zimefuliwa na kupigwa pasi, wakasimama mstari mbele ya duka, migongo ikiwaelekea wateja. Hawakumtukana mtu. Wateja wakasoma, wakaanza kuuliza maswali.

Meneja akatoka nje haraka. "Mama zangu, hizo fulana zivueni basi. Ni za zamani."

"Ni zenu," mama akajibu. "Sisi hatukuandika hata herufi moja. Mashine zetu zikigeuza, tutaondoka."

Jua halijazama, mashine zote za kikundi zilikuwa zinageuza. Mayai ya majirani yakatoa vifaranga.

Ndugu zangu, mama huyu namjivunia kana kwamba ni wa usharika wetu. Kudai ulichoahidiwa si ukorofi, wala hakukupunguzii unyenyekevu. Akina mama, inueni vichwa.

Naona akina baba mnamcheka meneja. Haya. Wewe baba, ulipokwenda kuposa ulisema nini mbele ya wazee? Kwamba utamsikiliza mkeo, kwamba mtashauriana. Hakuna aliyekulazimisha kusema. Uliyaondoa lini hayo, kimya kimya? Na akiuliza, unamjibu, "Kwani chakula si kipo?" Una tofauti gani na yule wa joto?

Sisi sote tuliahidi mbele za watu, kwa vinywa vyetu wenyewe. Leo ibada ikiisha tusisimame nje kupiga soga. Twende nyumbani tukarudishe tulichoondoa, kabla hatujadaiwa.